Watu sitini na kitu kwenye besiboli ya ligi ndogo: kisa cha Ijumaa ya fataki

Majina ya watu, ya mji na ya timu nimeyatoa, na vitu viwili vitatu nimevibadilisha kidogo ili watu wasianze kunyoosheana vidole. Nilichobakiza ni kwamba ni mji wa ukubwa wa kati kule Midwest, yaani majimbo ya kati-kaskazini ya Marekani, na kundi lenyewe ni jumuiya ya wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi hapo. Mimi sikuwa kwenye kamati. Nimeongea na mratibu, na mweka hazina, na familia kadhaa zilizokwenda, wengine nimewarudia manake kila mtu anaikumbuka ile mvua kwa namna yake.

## Usuli

Jumuiya ina Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi, Waislamu na Wakristo. Wazee wengi walifika kwa mpango wa wakimbizi, vijana wengi wamekulia hukohuko. Kila kiangazi wanafanya pikiniki kwenye bustani ya mji, nyama choma, kuvuta kamba, na hotuba za viongozi ambazo haziishi. Vijana wameshaichoka, wanakuja kwa kulazimishwa alafu wanajifungia kwenye magari na simu zao. Mwaka huo kijana mmoja anayecheza besiboli shuleni akasimama kwenye mkutano akasema kwa nini tusiende uwanja wa timu ya hapahapa mjini, wazee wakacheka, mratibu hakucheka.

Kwa asiyejua, ligi ndogo za besiboli Marekani siyo mpira wa mchangani. Ni ngazi za kupandia. Kila klabu kati ya zile 30 za ligi kuu, MLB, ina timu 4 za chini yake, Single-A, High-A, Double-A na Triple-A, jumla 120. Mpangilio huo ulianza 2021, kabla ya hapo zilikuwa 160 na miji kibao ikapoteza timu yake. Msimu unaanza Aprili unaisha Septemba. Siku hizi kwa kawaida timu ngeni ikija inakaa wiki nzima, wanacheza Jumanne mpaka Jumapili, walewale na walewale, Jumatatu wanapumzika.

Ila cha muhimu kwa kisa hiki ni pesa inavyotembea. Wachezaji na makocha wanalipwa na klabu kubwa ya juu, na klabu hiyohiyo ndo inaamua nani acheze na nani apandishwe kesho asubuhi hata kama leo ndo nyota wenu. Mwenye timu wa mjini hana sauti kwenye kushinda. Anachouza yeye ni jioni, yaani kiti, soda, paking, matangazo ukutani, yule mdoli mkubwa anayecheza na watoto, na fataki. Na jioni za kuuza ni nyingi, timu ya Double-A ina mechi 138 kwa msimu, nusu yake nyumbani, hapo una mechi 69 za kutafutia watu kwenye mji ambao mashabiki wa kweli labda ni wazee mia tatu wenye kofia. Kwa hiyo wanauza kwa makundi: makanisa, viwanda, shule, birthday za watoto. Kila timu ina mtu wa mauzo ya makundi na huyo mtu ana uhuru wa kukupa vitu. Lakini uhuru wake unategemea siku, na hapo ndo kisa chote kilipo.

## Walichokuwa wanakitaka

Nilimuuliza mratibu lengo lilikuwa nini akanijibu bila kufikiri: wazee na vijana wakae sehemu moja masaa matatu bila mtu kukimbia. Hakutaja mchezo kabisa. Nimeliweka hapa mapema kwa sababu maamuzi mengi yaliyofuata ukiyapima kwa lengo hilo yanaonekana tofauti kabisa na ukiyapima kwa bei.

Ligi kuu waliiwaza dakika tano wakaiacha. Uwanja wa karibu ni safari ya masaa, paking peke yake ni hela, na tiketi za familia ya watu saba hazisemeki. Hapa mjini uwanja ni dakika kumi na tano kutoka kwa karibu kila mtu.

## Maamuzi kabla ya siku

Siku. Mtu wa mauzo aliwapa tarehe tatu: Jumatano, Ijumaa yenye fataki baada ya mechi, na Jumapili mchana ambayo watoto wanaruhusiwa kushuka kiwanjani kukimbia kwenye besi, zile alama nne ambazo mchezaji anazikimbilia, mechi ikiisha. Alhamisi hawakuiuliza, viwanja vingi Alhamisi ni siku ya bia bei chee na jumuiya yenye masheikh na wachungaji haiendi kukaa katikati ya hiyo. Mratibu alitaka Jumapili. Vijana walitaka fataki, akina mama wenye watoto wadogo nao wakasema fataki, na wengine wakaleta hoja kwamba Jumapili ibada zinaisha saa 9 na mechi inaanza saa 8. Kura zikaenda Ijumaa. Hakuna aliyeuliza swali moja ambalo naona lilikuwa la lazima: Ijumaa nani yuko kazini? Watu wengi wa jumuiya hii wako shifti ya pili kwenye maghala na viwanda vya nyama, wanatoka karibu saa 6 usiku. Fataki ziliwaondoa kabla hata tiketi hazijauzwa.

Viti. Hapa palikuwa na aina tatu. Viti vya namba nyuma ya besi ya tatu, kama dola 13 kwa bei ya kundi. Eneo la pikiniki lenye meza na chakula ndani ya bei, karibu mara tatu ya hiyo. Na nyasi, ule mteremko nyuma ya uwanja upande wa kushoto ambao unatandika shuka lako unakaa, dola 9. Pikiniki ilikufa kwa sababu ya chakula: ni soseji na hambaga, jikoni hawakuweza kuhakikisha nyama ya halali, na nusu ya kundi wangelipia sahani ambayo wasingeigusa. Hapo kamati ilikuwa sahihi. Nyasi zikakataliwa kwa sababu mzee mmoja alisema hawezi kwenda kualikwa mahali akakalishwa chini, na hakuna aliyetaka kubishana naye. Wakachukua viti vya namba.

Chakula. Uwanja hauruhusu chakula cha nje, isipokuwa cha watoto wachanga na cha sababu za kiafya. Kwa jumuiya ambayo haijawahi kukutana bila pilau, hii ilikuwa habari mbaya kuliko zote na kuna waliotaka kuahirisha. Mratibu akatafuta njia, akagundua kuna bustani ya umma hatua chache kutoka uwanjani, ina meza, akasema tunakula pale saa 11 jioni, pilau, sambusa, chapati, kila kitu, saa 12 na nusu tunaingia uwanjani tumeshiba. Sikiliza, kati ya maamuzi yote ya kisa hiki hili ndo la akili kuliko yote na lilitokana na kukatazwa.

Pesa. Bei ya kundi inataka advansi ukishaweka nafasi, alafu idadi ya mwisho na hela yote wiki mbili kabla. Kwenye grupu la WhatsApp watu waliosema "tupo", "inshallah", na wale wa kuweka tu kidole gumba walikuwa karibu tisini. Mweka hazina, mama mmoja mkavu sana, akatangaza kwamba jina linaandikwa hela ikifika, kidole gumba siyo hela. Kelele zikapigwa. Mwenyekiti akapigiwa simu usiku, akaambiwa huyu dada anatudhalilisha. Mwenyekiti akawajibu kwa upole kabisa, "Basi mlipeni ili asiwadhalilishe." Mpaka siku ya mwisho walikuwa wamelipa watu 58. Mweka hazina akanunua tiketi 6 za ziada kwa hela ya mfuko, kwa sababu anawajua watu wake.

Maelezo. Yule kijana mchezaji akaombwa atengeneze sauti fupi fupi za Kiswahili kwenye grupu, kila moja kama dakika mbili, na dada yake anayejua Kiswahili kizuri zaidi akawa anamsahihisha. Alieleza raundi 9, kila timu inapata zamu ya kupiga, ukitolewa watatu mnabadilishana. Akaeleza saa ya mrushaji, kwamba siku hizi mrushaji ana sekunde za kuhesabu na akichelewa anaadhibiwa, na kwamba 2022 saa hiyo ilipowekwa ngazi zote za ligi ndogo mechi zilifupika kwa karibu dakika 25, kwa hiyo wazee wategemee masaa mawili na nusu hivi. Akawahadithia pia Gift Ngoepe, kijana wa Afrika Kusini aliyesainiwa na klabu ya ligi kuu ya Pittsburgh Pirates 2008 akasota kwenye ligi ndogo hizi hizi mpaka Aprili 2017 ndo akaitwa juu, akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na mpira wake wa kwanza kabisa kuupiga akafika besi. Akataja na vijana wa Uganda waliosainiwa na klabu nyingine ya ligi kuu, Dodgers, 2022. Mama mmoja aliniambia hiyo sauti ya Ngoepe aliisikiliza na mumewe mara mbili, na kwamba alikwenda uwanjani akitafuta nani pale anasota.

## Siku yenyewe

Saa 11 jioni bustani imejaa. Hapa hakuna cha kusimulia sana, watu walikula, wazee walipiga soga, vijana walitoka kwenye magari kwa sababu hakukuwa na magari ya kukaa, yalipakiwa mbali. Mratibu alikuwa ameandika muda kwa saa za Kiswahili na za kwenye tiketi pamoja, manake mwaka wa nyuma "saa 1" ilishawahi kuleta familia mchana.

Tatizo likaanza wakati wa kuondoka. Saa 12 na nusu ikawa saa 12 na dakika 50, vyombo vinaoshwa, chai ya mwisho. Getini foleni ya Ijumaa ya fataki imezunguka kona. Alafu mabegi: uwanja unakubali begi la plastiki linaloonyesha ndani tu, tangazo lilikuwa kwenye grupu lakini lilizama chini ya picha za sambusa, kwa hiyo akina mama wanne wakarudishwa kwenye magari na mikoba yao. Tiketi zilikuwa za kwenye simu, kijana mmoja alikuwa kazi yake ni kuwatumia watu, na kwa wazee wasio na simu za hivyo mratibu alishaomba mapema zichapwe karatasi zikawekwa dirishani. Hilo lilikwenda safi, wazee wakaingia kabla ya wenye simu.

Mechi ilianza saa 1 na dakika 5. Jina la jumuiya lilitokea kwenye skrini kubwa mwisho wa raundi ya pili, "Karibuni", kwa Kiswahili kabisa, mtu wa mauzo ndo aliandika hivyo. Nusu ya kundi bado walikuwa getini. Aliyepiga picha ni mmoja na picha ina kichwa cha mtu mbele.

Ndani sasa. Viti vya namba ni safu tano za viti kumi na tatu hivi. Kwenye karatasi unaona kundi limekaa pamoja, kwenye hali halisi mtu anaongea na wa kushoto na wa kulia basi. Mzee akitaka kusalimia mwenzake wa safu ya nne watu kumi wasimame. Mtoto akitaka choo, kumi wasimame. Na kwenye besiboli kuna mapumziko mafupi mengi, kila baada ya zamu watu wanainuka, ni mchezo wa kuzungukazunguka, sasa ukiwafunga watu kwenye safu unapambana na mchezo wenyewe. Kufikia raundi ya tatu vijana wameshahamia kwenye njia pana ya nyuma kwenye vibanda, akina mama wenye watoto wamesogea kando ya nyasi, na kwenye viti wamebaki wazee na yule kijana mchezaji anawaelezea. Hiyo pembe ya wazee ilikuwa tamu. Mama mmoja aliyecheza raundas, mchezo unaofanana na besiboli, shule ya msingi Kenya ndo aliyekuwa anawahi kuelewa, akawa anatoa hukumu kabla ya refa.

Mratibu alipoona hivyo alimtafuta mtu wa mauzo akamuomba kundi lote lihamie nyasini. Jibu lilikuwa la heshima lakini hapana, nyasi za Ijumaa ya fataki zimeuzwa zote. Wakati huo huo watu kama kumi na tano waliosema "tupo" bila kulipa walikuwa wamefika. Tiketi 6 za mweka hazina zikaenda kwa waliotangulia, wengine wakanunua dirishani kwa bei kamili, pembe ya mbali kabisa, na familia moja ikageuza nyumbani imenuna.

## Mvua, na uamuzi mgumu

Mwisho wa raundi ya nne radi. Mechi ikasimamishwa, watu wote wakaambiwa waingie chini ya paa. Radi inavyosubiriwa ni kwamba ukisikia ngurumo unahesabu upya nusu saa, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia mtarudi lini, hata wao hawajui.

Hapa kuna kanuni moja ambayo kiongozi wa kundi lazima aijue. Kwa timu nyingi, mechi ikishafika raundi 5 imehesabika na tiketi yako imeisha kazi, hata ikikatwa hapo. Ikiahirishwa kabla, tiketi inabadilishwa kwa mechi nyingine ya msimu huohuo, hela hairudi. Wao walikuwa raundi ya nne. Mratibu alijua hilo kwa sababu alikuwa amesoma nyuma ya mkataba wa kundi, na ndo maana akaweza kuamua kwa akili wakati wengine wanapiga kelele.

Kundi lilikuja na magari matatu ya kanisa moja na magari binafsi. Akasema hivi: wenye watoto wadogo na wazee waliochoka waondoke na gari la kwanza sasa hivi, wabaki na tiketi zao, mechi ikivunjika watakuja siku nyingine. Vijana na wanaotaka kusubiri wabaki, magari mawili yatasubiri fataki. Karibu watu ishirini na tano wakaondoka.

Wakati huo Maghribi imeingia, karibu saa 3 usiku maana Julai jua linachelewa. Wiki moja kabla mratibu alishaomba chumba, mtu wa mauzo akampa chumba kidogo pembeni ya dawati la wageni. Mechi ingeendelea hapo ingekuwa shida ya nani atoke nani abaki, ila kwa ile mvua Waislamu wote wa kundi wakaswali kwa nafasi na hakuna aliyekosa kitu, na vijana wa kanisani wakabaki mlangoni wanawashikia watoto. Hiki hakikupangwa, lakini chumba kilipangwa.

Saa 3 na nusu mvua ikakata, mechi ikarudi, raundi ya 5 ikapita, na tiketi za walioondoka zikawa karatasi. Mechi ikaisha karibu saa 5 kasorobo, fataki zikapigwa, vijana wakarudi nyumbani saa 6 wakiwa na furaha ya ajabu.

## Matokeo

Kwa vijana, mafanikio makubwa. Siku ya pili grupu lilijaa video. Kwa wazee, nusu kwa nusu: waliokaa na yule kijana walitaka kujua timu inacheza lini tena, waliokaa mwisho wa safu wanakumbuka ngazi. Kwa akina mama wenye watoto wadogo, walilipa tiketi kamili wakaona raundi nne, wengine pungufu, na fataki walizozipigia kura hawakuziona.

Siku tatu baadaye mratibu alimpigia simu mtu wa mauzo, siyo kulalamika, alimweleza tu kwamba watu wake ishirini na tano waliondoka kwenye radi kwa usalama wa watoto. Akapewa tiketi za nyasi kwa Jumapili moja ya Agosti, bure. Siku nyingi watu hawaombi kwa sababu wanadhani kanuni ni kanuni. Kanuni inasema hawalazimishwi kukupa, haisemi ni marufuku kukupa.

Hesabu za fedha zilifunga. Tiketi 6 zilirudisha hela yake siku ileile.

## Uchambuzi

Ukisoma haraka utasema mvua iliharibu. Mimi sikubali. Mvua ilikuta kundi limeshatawanyika tangu raundi ya tatu. Na kilichowatawanya ni siku waliyochagua, siyo viti peke yake. Kwa nini? Kwa sababu Ijumaa ya fataki ndo usiku ambao timu inakuhitaji kidogo kuliko zote. Uwanja utajaa tu, uje usije. Kwa hiyo mtu wa mauzo hana cha kukupa: huwezi kubadilisha viti, huwezi kuongeza watu kumi na tano dakika za mwisho, foleni getini ni ndefu, nyasi hazipo. Kundi kama hili, lenye watu wa kuchelewa, wa kuja bila kulipa, wa kuhama hama, linahitaji uwanja wenye nafasi. Jumatano au Jumapili makosa yote yaleyale yangetokea na yangefichika, waliochelewa wangeingia, waliokuja bila tiketi wangeuziwa kwa bei ya kundi, na kufikia raundi ya tatu wote wangeshahamia nyasini. Jumapili ileile ya Agosti ni ushahidi: wale walioenda bure walikuta nyasi nusu tupu, wakatandika mashuka matano pamoja, na mzee yuleyale aliyekataa kukalishwa chini aliletewa kiti cha kukunja na wajukuu wake, kwa sababu mtu wa mauzo aliruhusu. Ijumaa asingeruhusiwa, njia ingezibwa.

Kwa hiyo pingamizi la mzee lilikuwa na dawa tangu mwanzo, ila hakuna aliyeuliza. Kamati ilichukua "sitaki kukaa chini" ikasikia "sitaki nyasi", kumbe ni vitu viwili. Na heshima kwa mzee siyo kumaliza mjadala, ni kumtafutia kiti.

Chakula cha nje kabla ya mechi kilifanya kazi kuliko kitu chochote. Ukimshika mtu yeyote aliyeenda akusimulie, anaanza na pilau. Lengo la mratibu, wazee na vijana sehemu moja, lilitimia pale bustanini kwa saa moja na nusu, siyo uwanjani. Dosari yake ni ndogo na ni ya saa: mlo unahitaji mtu wa kuufunga, mtu tofauti na anayepakua, kazi yake kusema sasa tunaondoka, na mabegi yakaguliwe hapohapo mezani kabla ya kutembea kwenda getini. Na tangazo la skrini liombwe raundi ya tano, kundi la Waswahili usiliwekee kitu raundi ya pili, tusidanganyane.

Mweka hazina alikuwa sahihi na bado kuna watu hawajamsamehe. Wangeandika majina tisini kwa vidole gumba, wangelipia tiketi kumi na kitu za hewa. Tiketi 6 za ziada nazo zilikuwa kipimo kizuri, ni kama asilimia 10 ya waliolipa, hasara yake ikitokea mfuko unaimeza. Ningebadilisha kitu kimoja tu, ningemtenganisha anayekusanya hela na anayetangaza masharti. Masharti yatoke kwa mwenyekiti, mweka hazina apokee tu. Dada wa watu alibeba lawama mbili kwa kazi moja.

Uamuzi wa radi nautetea ingawa matokeo yake yalikuwa mabaya. Wakati ule uwezekano wa mechi kuvunjika ulikuwa mkubwa, watoto walikuwa wamelowa, na mratibu alikuwa na kanuni kichwani. Kumlaumu kwa sababu mvua ilikata ni kumlaumu kwa kutokuwa mtabiri. Kilichomwezesha ni magari matatu badala ya basi moja. Waliwahi kupewa bei ya basi la shule, ilikuwa nafuu kidogo, na kwa basi moja watu sitini wangesubiri saa 6 usiku na watoto wamelala begani, au vijana wangebebwa kwa nguvu saa 3 wakanuna mwaka mzima.

Kuna kitu kimoja sikuona mtu anakizungumza, nyavu. Viti vya nyuma ya besi ya tatu viko kwenye njia ya mipira ya kupotea, na MLB iliziagiza timu za ligi ndogo zirefushe nyavu za kukinga watazamaji kufikia msimu wa 2025. Nyasini nyavu hazifiki, mpira ukivuka ukuta unakuja kwa watoto wanaobiringishana. Siyo sababu ya kuacha nyasi, ila mtu mzima mmoja akae ameelekea uwanjani kila wakati mpigaji akiwa anapiga, na kazi hiyo wapewe vijana, wataigombania, kila mtu anataka kuondoka na mpira.

Na wale wa shifti ya pili bado hawajajibiwa. Jumapili inawasaidia baadhi, wengine wana shifti za wikiendi. Kuna mechi za Jumatano saa 5 asubuhi ambazo timu nyingi zinaziweka kwa ajili ya shule, nimemwambia mratibu aulizie, mtu wa kuingia kazini saa 9 anaweza kuja na watoto wake akawahi.

Kwa msimu unaofuata kamati imeshaweka advansi ya Jumapili moja ya Juni, mteremko mzima wa nyasi upande wa kushoto, viti vya kukunja kwa wazee vimeandikwa kabisa kwenye mkataba. Mechi imechaguliwa inayoanza saa 11 jioni ili ibada ziishe. Vijana bado wanadai fataki, na mweka hazina amewaambia walete majina na hela kwanza.